Sifa Zangu Mlangoni

Jumatatu, 5 Juni 1911. Mwaya.
Nimebandika karatasi mlangoni: "Andongwisye, msemaji wa mashauri ya kazi na biashara. Miaka mitatu katika baraza la boma." Sikuandika kwamba miaka yote mitatu nilikuwa nafagia. Mfagiaji husikia kila kitu. Mke wangu Angetile kasema karatasi imekaa vizuri, imeziba ufa wa upepo. Nimeipokea kama pongezi.

Mteja wa kwanza! Lameck, mpiga kasia. Zebedayo, mwenye mtumbwi wa kuleta vyungu kutoka Matema, amemfukuza kazi. Eti vyungu kumi na viwili vimevunjika kwa uzembe wake. Na sasa ndio mavuno, kila chungu kinabadilishwa kwa mpunga unaokijaza. Lameck hana shamba. Asiporudi mtumbwini mwezi huu, watoto wake watalala njaa. Amenipa samaki, mbasa mzima. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Jumanne, 6 Juni. Matema.
Miguu imevimba ila moyo umetulia. Nimempata shahidi. Yunis, mfinyanzi, kaolewa kwetu Mwaya mwaka huu, amekuja kwa mama yake kufinyanga. Alimwona Zebedayo akiharakisha kazi, vyungu vikachomwa kabla ya kukauka. Vilipakiwa vikiwa na nyufa tayari.

Nikamwambia aje barazani keshokutwa. Akasema hawezi, kwa sababu Malafyale, chifu wetu, ndiye atakayesikiliza. Nikamkatiza. Mashahidi wote huogopa wakubwa, nimewaona bomani. Akajaribu tena kueleza. Nikamkatiza tena, kwa upole wa kitaalamu. Mwishoni akakubali kuja, ila akae migombani, mbali. Sawa, mwoga ni mwoga.

Alhamisi, 8 Juni. Mwaya.
Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Zebedayo alikuja na msemaji wake, Yotamu, kijana wa misheni mwenye kola nyeupe. Walileta chungu kimoja kilichosalia katika shehena ile, waonyeshe jinsi bidhaa ilivyokuwa nzima. Yotamu alisema vizuri. Inaudhi.

Zamu yangu. Shahidi wa migombani hasikiki, nikaona. Nikaenda mwenyewe, nikamwambia Yunis anifuate, nikampitisha uchochoro wa nyuma ya nyumba. Tukatokea hatua mbili mbele ya kigoda cha Malafyale.

Yunis akapiga yowe, akajifunika nguo usoni, akatimua mbio. Malafyale akageukia ukutani. Wazee wakasimama wote. Yotamu akanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto, kwamba Yunis ni mke wa Ezra, na Ezra ni mwana wa Malafyale. Mkwe na baba mkwe, ambao kwetu ni mwiko kuonana! Mimi Mnyakyusa, nimezaliwa Ikolo, nimemleta mkwe usoni pa baba mkwe wake. Lakini Malafyale ana wana kumi na wanane. Nani awajue wote?

Nimetozwa jogoo wa kutakasa. Lameck alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwonea huruma kweli.

Ndipo akaja bibi Marita, jirani yetu, kutoka migombani alikokimbilia Yunis, akibeba maneno yake. Alisema wasipoteze muda na watu, wakiulize chungu. Wamwage maji ndani. Malafyale, akiwa bado ameutazama ukuta, akaamuru yaletwe. Yakamwagwa. Hakuna aliyekigusa chungu, na maji yakatoka chini, yakalowesha miguu ya Zebedayo.

Lameck amerudishiwa kasia lake papo hapo. Alimshika Marita mikono yote miwili, akasema, "Ndaga fijo, mama." Nadhani alikuwa akinishukuru mimi kupitia kwake.

Jumapili, 11 Juni.
Nimetoka kanisani, nimekula wali na samaki. Lameck kaleta mbasa wawili leo, mmoja wetu, mmoja wa Marita. Nimempelekea Marita wake, ingawa njiani nilisitasita.

Nimeongeza kwenye karatasi: "Hajapata kushindwa. Hutumia vyungu." Angetile kauliza jogoo wetu yuko wapi. Nimemwambia ni gharama za taaluma.

Kesi mpya tayari! Tuntufye amefukuzwa kazi ya kuchunga ng'ombe. Nimempata shahidi, mwanamke wa Ikolo, kaolewa hapa karibu. Alitaka kunieleza jambo fulani kuhusu Malafyale, nikamkatiza. Alhamisi nitampitisha uchochoroni mwenyewe.