Mheshimiwa Anafungua Bustani ya Nyamukau

Haya, umeonekana! Nilifikiri njia ya Bunia ilimezwa na pori. Weye mutoto ya mutoto yangu, unaikala kule Kisangani unanenepa tu, kila Noeli unatuma salamu ku telefone ya jirani, "Tate, nitakuya," na miye nyanya yako nafagia kiwanja, napika, nangojea, weye hakuna. Miguu yako ilioza? Ikala. Hapana ile kiti, inaangushaka watu. Kula kwanza. Na juu ulikosa fête ya inje, ile karamu watu wanaongea mpaka leo, nitakupa hotuba ya Mheshimiwa Aristide, yote, kutoka kichwa mpaka mukia. Miye sikusoma. Kifaransa yake nakurudishia vile ilianguka mu masikio yangu. Kama imevunjika, yeye njo aliivunja.

Lakini jua kwanza kitu moja, ama hautasikia utamu. Ilikuwa ile wakati walituambia amani imerudi, na siye tulikuwa tungali tunalala na viatu. Siye watu ya Fataki na ya Djugu tuko mu quartier zetu, wale ya Gety, wenye tulipigana nao, mu zao. Pétronille wa Gety unamujua, tuliuzisha naye ku soko meza moja, tungali wasichana wa kiuno. Sasa miaka yote ya vita, sikukula ku mukono yake, wala yeye ku mukono yangu. Kusalimiana, ndiyo. "Mama, habari?" "Muzuri." Kisha kila mutu na njia yake. Kwetu mwenye sufuria anaonjaka kwanza, mbele ya macho ya mugeni, njo mugeni anakula. Ni vile mababu walituacha, juu sumu si kitu ya kuchezea. Lakini ile miaka, hata ungeonja mpaka sufuria inaisha, mutu ya upande ingine angekujibu tu: "Asante mama, nimeshiba." Shiba ya uongo, tumbo inalia. Na miye na Pétronille tumezeeka. Nilikuwa naogopa kitu moja: mwenye atakufa kwanza, mwenzake atakula matanga yake bila kuwa amekula naye akiwa muzima.

Njo radio ikatangaza: fête kubwa mu bustani ya muji, pale ku majani karibu na mto Nyamukau, ng'ombe mbili zitachinjwa, na kila mama akuye na sufuria ya kuongeza. Tukaenda. Watu ya Djugu huku, watu ya Gety kule, katikati majani matupu, hata kuku haikuvuka. Miye na sombe yangu, yale majani ya muhogo, na samaki ya ziwa ndani. Pétronille na kasiksi, ile pombe yake ya ndizi. Akaweka kibuyu ku meza ya wakubwa, akarudi kuikala kwao, anangojea hotuba iishe, aende kuonja mbele ya watu. Mheshimiwa akasimama. Akavuta koti. Akakohoa mu mikro mpaka mbwa moja ikakimbia. Sikiliza sasa:

"Waheshimiwa wakubwa wote wenye kuwa hapa, na wakubwa zaidi ambao hawakuweza kuwa hapa kwa sababu ya ukubwa wao, baba wetu wa makanisa, ya asubuhi na ya usiku, machefu wa quartier, wa avenue, na wa kona za avenue, mama zetu wa soko, vijana wetu wa motari, partenaires wetu wote, ambao wako pamoja nasi mu roho, mwili ikizuiliwa na mikutano, wageni walioalikwa, na wageni waliojialika, kila mutu kwa cheo yake, kwa daraja yake na kwa urefu wake, protocole yote ikiwa imeheshimiwa..."

(Jua ilikuwa katikati ya kichwa. Athanase, ule motari mwenye mudomo, anabebaka watu ku pikipiki, akapaaza sauti: "Mheshimiwa, umesahau mbuzi!" Na kweli mbuzi ilikuwa pale, imefungwa ku kijiti. Mheshimiwa akaitazama, akainama kidogo.)

"...na wanyama wa kufugwa. Ni kwa furaha isiyopimika, lakini ambayo service yangu imeipima, kwamba mimi, Aristide, Coordonnateur wa Fêtes za Inje, wa Majani na wa Kivuli, nasimama mbele yenu ili kufungua rasmi, solennellement na bila kurudi nyuma, projet ya Bustani ya Raia, ambayo ni projet ya kwanza mu Ituri, ya pili mu inchi, na, kufuatana na étude ya uchunguzi ambayo tuliifanya sisi wenyewe juu yetu wenyewe, ya tatu mu Afrika nzima, nyuma ya zile mbili ambazo tungali tunazitafuta."

(Makofi. Ya wale ya mbele, wenye walipewa kofia. Siye ya nyuma tulipiga ya kufukuza nzi.)

"Ndugu zangu, mutu bila vision, akiangalia hapa, anaona majani. Mimi sioni majani. Mimi naona kibanda ya musiki yenye paa ya buluu, naona bembea za watoto, na bembea za wazee wenye utoto haujawatoka, naona viti vya kupumuzikia mbele ya kuchoka na viti vya kupumuzikia kisha kuchoka, naona, katikati, jet d'eau ya kisasa, maji ikipanda juu yenyewe, ikifika juu ifikiri, ikishuka polepole na nidhamu, mchana na usiku, kwa ajili ya développement ya macho ya raia."

(Pétronille, kutoka kule kwao: "Papa, ile maji ya kupanda juu, tutaikinga na nini? Na kofia? Ku robinet yangu hata ya kushuka haiko!" Watu ya upande yetu wakaanza kucheka, kisha wakafunga kinywa, juu ile wakati haukuchekaka maneno ya upande ile. Miye nilicheka mpaka mwisho. Peke yangu. Pétronille akageuka, akatafuta ni nani. Akaniona.)

"Swali nzuri, mama, na jibu yake iko mu annexe, kule nyuma ya karatasi. Sasa tuachie statistique zijiongelee. Tangu service yangu ianze kazi, fête za inje zimepanda kwa quatre-vingt-dix-sept pour cent, tisini na saba ku mia. Huzuni ya raia imeshuka mpaka chini ya zéro, tunaitafuta hatuioni. Furaha yenyewe imefika cent vingt pour cent, mia na makumi mbili ku mia, na ile makumi mbili ya juu tumeiweka akiba kwa mwaka kesho. Mapatano kati ya raia, ambayo zamani yalikuwa yanatembea kwa miguu, leo, nasema leo, yamepanda pikipiki na..."

(Paa! Bomba ya moshi ya pikipiki, nyuma yetu. Lakini nani alingoja kuuliza? Siye wote tulikuwa tayari chini, tumbo ku majani. Wengine walikimbia kwanza, wakaanguka kule walifika. Mutu ya Djugu juu ya mutu ya Gety, kiwiko mu mbavu, hakuna mwenye aliomba pardon. Mheshimiwa alikuwa chini ya meza na mikro yake. Hotuba haikukatika.)

"...na kutoka mu nafasi hii ya chini, ambayo nimeichagua ili kuwa karibu na raia wa chini, napenda kuwahakikishia kwamba usalama iko kamili, iko totale, na mutu asiinue kichwa."

(Athanase: "Mheshimiwa, toka, ni pikipiki yangu! Inakohoaka vile!" Mama moja akamupiga kandambili. Tukaamuka, tunatoana majani mu nywele. Mheshimiwa akatoka chini ya meza, midomo myeupe, koo kavu kama ngozi ya ngoma. Mukono yake ikatafuta kitu ya kunywa, ikakuta kibuyu ya Pétronille. Akainua. Akakunywa.

Mujukuu wangu! Akakunywa, na mwenye kibuyu hajaonja! Mutoto ya inchi hii, na mvi ku kichwa! Jirani yangu akaniguza: "Angalia sasa. Ataanguka." Pétronille alikuwa amesimama, mikono ku kinywa, juu kama ule mutu angeshikwa hata na kikohozi, wangesema ni yeye. Macho ya muji muzima ku koo ya mutu moja. Akafunga macho. Akayumba. Akapanguza mudomo na mukono ya koti.)

"Mm! Raia, napenda kutoa ushuhuda wa kiufundi, kwamba kinywaji hii imefika niveau ya kimataifa, na kwamba service yangu itaifuatilia kwa karibu sana."

(Akaifuatilia tena. Akaifuatilia mara ingine. Hakuanguka, akanenepa sauti. Kisha akauliza mu mikro kama hakuna kitu ya kukula, ya kusindikiza pombe.

Watu ya upande yetu wakaangalia chini. Miye nikaangalia Pétronille. Magoti yangu unayajua, yanaongeaka nikisimama. Nikabeba sufuria, nikavuka ile majani, peke yangu, watu wananiita: "Mama, rudi! Unaenda wapi?" Nikaiweka mbele ya Mheshimiwa, nikafungua kifuniko, nikainamisha mukono nionje. Yeye alishaingiza yake! Samaki muzima, na kichwa! Sasa ikawa zamu ya watu ya Gety kusimama na kungoja aanguke. Alitafuna. Alinyonya mufupa. Akaomba pilipili.)

"Tuendelee. Ninaahidi, na mimi nikiahidi naahidi: kila mwezi fête, kila quartier bustani, kila raia kivuli mbili, moja ya asubuhi na moja ya mangaribi, bendi ya musiki kutoka Mahagi mpaka Irumu, na kwa wamama wenye sombe ya namna hii, décoration ya kuvaa ku kifua, ikiwa kifua itakubali. Watu wanasema Aristide anajisifu. Sijisifu. Najisoma, na ninapendezwa na yale ninasoma. Sasa semeni nyuma yangu: Bustani oyee!"

(Oyee!)

"Majani oyee! Kivuli mbele! Jet d'eau juu! Na mwenye kuileta?"

(Athanase: "Chini ya meza!")

"Juu zaidi! Na kwa kumaliza, sababu kibuyu nayo imemaliza, ni lazima nishukuru, na leo, sijui ni nini, nasikia roho yangu imekuwa nyepesi, nitashukuru bila kuficha. Ninashukuru wakubwa, watakaonipa hiki cheo siku watajua kama niko. Ninashukuru partenaires, tutakaowapata siku tutawaandikia. Ninashukuru ng'ombe mbili za fête, zenye ziko wazima na zitabaki wazima, sababu si zetu. Ninashukuru mwenye hiki kiwanja, ambaye hatukumuomba ruhusa, na ile mbuzi ni yake, tafazali musiiguse. Zaidi ya yote ninashukuru ninyi, kwa kuja wengi namna hii kufungua bustani ambayo haiko, ya projet ambayo hakuna mutu ameiandika. Maana kama mumejaa hivi ku kitu haiko, siku itakuwa, mutaikala wapi? Asanteni. Murudi nyumbani na utulivu."

Njo vile. Akaikala.

Watu wanaangaliana. Hakuna ng'ombe, hakuna bustani, hakuna kitu. Wamama wengine wakaanza kufunga sufuria zao mu kitambaa, na miye roho yangu ikaanguka, juu nilijua, tukirudi na sufuria zimefungwa, hatutazileta tena pamoja mu uhai wetu. Athanase njo akasema, na ile kandambili ingali ku mukono yake:

"Basi kama fête haiko, ni nani anatufukuza ku fête?"

Pétronille akacheka. Weye unajua kicheko yake, kama sahani zinaanguka. Akatoa kibuyu ya pili chini ya kitenge, kumbe aliificha, mwizi ule! Akavuka. Akasimama mbele yangu, akainua kibuyu ku kinywa aonje kama desturi. Nikamunyanganya.

"Leta huku! Muonjaji alishaonja, na angali anapumua. Unataka kunimalizia?"

Nikakunywa. Yeye akaikala chini pembeni yangu, akakata sombe na kipande ya bugali, akala, akakunja uso.

"Chumvi bado unaweka kidogo," akasema. "Miaka yote ile hakuna mwenye alikuambia?"

"Mwenye aliniambiaka alikuwa upande ya Gety."

Tukalia kidogo, tukakula sana. Nikainua macho: majani ya katikati haikuonekana tena, ilikuwa watu tu, vifuniko wazi, wamama wanagombana juu ya pilipili, mutu anapiga ngoma ku bidon tupu ya mafuta. Mangaribi mama moja akalia: "Ameanguka! Mheshimiwa ameanguka!" Tukakimbia wote, upande mbili, roho mu mukono. Alikuwa amelala pembeni ya mbuzi, anakoroma, mikro ku kifua. Ikabidi Athanase amufunge ku pikipiki na kitenge ili amufikishe kwake.

Kutoka siku ile tunaendaka pale kisha misa, wakati mvua haiko. Kuna siku bunduki zinasikika mbali, hatuendi. Kisha tunaenda tena. Mheshimiwa hatumualikaka, anakuyaka mwenyewe na kijiko mu mufuko ya koti, tunamukatalia mikro, tunamupa sahani.

Sasa weye. Siku utarudi, na usiniambie Noeli, usianzie hapa kwangu. Shukia kwa Pétronille. Kula kila kitu atakupa, usiache hata mufupa, umusifu chumvi. Kisha njo ukuye kwangu, umeshiba. Nitakutukana mulangoni, ni haki yangu. Lakini kuya umeshiba.