Watoto Wamependa Kusoma Kabla ya Uzinduzi

Ndugu Mhariri,

Shikamoo. Nakusihi kwa heshima zote, barua hii ukiisha kuisoma uifungie mezani kwako, usimwonyeshe mtu, na hasa usiichapishe. Najua naliandikia gazeti. Lakini wakubwa zangu wote wamo ndani ya malalamiko haya, ukabaki wewe tu.

Mimi ni karani wa ofisi ya kata moja huku milimani Mbinga, upande wa Litembo. Nimetoka Tanga na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Mtendaji wetu wa kata, Bwana Rodrick, ndiye atakayeandika kama nafaa au sifai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wakati wa masika tuliletewa kabati la vitabu vya hadithi, kwa kampeni ya kuwahimiza watoto wapende kusoma. Utaratibu unajulikana: kitu cha umma hakiguswi mpaka mgeni rasmi akate utepe. Mgeni aliahirisha kwanza kwa sababu ya barabara, kisha kwa sababu ya msiba, mara ya tatu hakusema. Watoto walipaswa kusubiri. Hawakusubiri. Wamependa kusoma bila kuzinduliwa.

2. Chanzo ni unyevu. Vitabu vilianza kuota kuvu humo kabatini, Bwana Rodrick akaagiza nivikaushe, ila mkono wa mtoto usiviguse. Nikaazima vichanja vya kuanikia kahawa kwa jirani yetu, Bibi Beata, nikaanika vitabu juu yake juani vikiwa vimefunuliwa. Sasa kahawa kichanjani hugeuzwa ili ikauke pande zote. Nami nikageuza kurasa. Ndipo watoto wakaja, mikono mgongoni kama walivyoagizwa, wakasoma. Nikigeuza ukurasa, wanasogea. Amri haijavunjwa hata kidogo, Ndugu Mhariri, na hilo ndilo linalonitisha.

3. Ugonjwa umepanda hadi kwa wazee. Bibi Beata hajui kusoma, lakini mjukuu wake Violet, wa darasa la nne, humsomea na kumfasiria kwa Kimatengo. Juzi mtoto wa kwenye hadithi alikuwa ananing'inia kwenye daraja lililokatika, nami nikaenda kula. Bibi akanifuata hadi jikoni: "Karani mwanangu, njoo ugeuze, huo upande umeshakauka!" Nikamweleza kwamba taratibu za ofisi zinaruhusu mapumziko. Akasema, "Taratibu zako zina pa kusimama. Yule mtoto ananing'inia." Wali wangu ulipoa.

4. Hotuba ya mgeni rasmi niliiandika mimi, na imepitishwa ngazi zote. Inasema: "Inasikitisha kwamba watoto wa kata hii hawapendi kusoma." Imeshagongwa muhuri, kwa hiyo hotuba haiwezi kukosea, waliokosea ni watoto. Tena, kwa kusimama upande wa pili wa kichanja, wamezoea kusoma hata maandishi yaliyopinduka. Placidi, anayesoma darasa moja na Violet, alikuja kuazima kalamu, akaimaliza hotuba yote mezani kwangu, kichwa chini miguu juu. "Dada Karani," akauliza, "hao watoto wasiopenda kusoma ni wa kata gani? Tuwapelekee kichanja."

Bwana Rodrick amesema mgeni akimkuta hata mtoto mmoja anapenda kusoma, sitathibitishwa kazini.

5. Nilipendekeza tuazime watoto wasiopenda kusoma kutoka Lituhi, kule ziwani. Tulimtuma Urbani, kijana wa bodaboda anayetubebea barua, akawatafute. Amerudi mikono mitupu. Anasema huko usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, hufungwa kwa gazeti lako, na mtoto akitumwa haondoki sokoni mpaka amalize habari. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, samahani sana, nawe umo.

Naomba basi gazeti lako lichapishe hotuba tupu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka siku ya uzinduzi. Mtoto akisoma hotuba tano mfululizo atapona. Ikishindikana, unisaidie kuziomba shule zifundishe herufi A hadi M tu. Zilizobaki zisubiri utepe.

Wasalimie wote ofisini kwako: wapiga chapa, mhasibu, na mlinzi wa getini. Huku wote ni wazima isipokuwa mimi.

Wako mwenye kutetemeka,

Karani wa Kata
(jina nimelihifadhi mwenyewe)

N.B. Vitabu vimekauka tangu mwezi uliopita. Kila jioni mimi huvinyunyizia maji kidogo ili asubuhi pawepo sababu ya kuvianika. Lakini sasa vyote vimekwisha, Violet amevirudia mara mbili, na Bibi Beata ananitazama vibaya. Tafadhali nitumie vingine, vinene. Usipige simu ya ofisini, hupokea Bwana Rodrick. Weka boksi kwenye basi lolote la Songea linalofika Mbinga mjini, Urbani atalipokea stendi. Ana kofia ya sufu nyekundu, haivui hata juani. Juu ya boksi usiandike neno lolote, hata jina langu. Ukiandika "vitabu" halitanifikia. Kutoka stendi hadi hapa, njia nzima ni watoto.