Maganda Yanayopumua

Jumatatu, 5 Mei 2025. Tororo.

Mzigo umefika! Lori zima la maganda ya kokwa za mawese, kutoka kwa wakamuaji mafuta. Meusi, magumu, yanalia kachakacha ukiyakanyaga. Kwa mtu wa kawaida ni takataka. Kwangu mimi Wahabi ni mke.

Maana mke wangu Fauziya yuko kwao Masafu, mwezi wa tatu sasa. Amechoka, anasema, kuolewa na mipango. Maneno yake ya mlangoni nimeyakariri: mzigo wangu mmoja tu uvuke mpaka, ukapokewe, atarudi. Mmoja! Na kiwanda cha chai upande wa Kenya kinayataka maganda haya kwa tanuri lake. Cheti cha mimea ninacho. Karatasi za forodha zinakuja. Kumebaki dada Quinter, mpimaji wao, atakayekagua unyevu pale Busia Jumatano ya wiki ijayo. Yakiwa mabichi, hayavuki.

Faruk wa uwanja wa pili naye anauza maganda. Anayaanika juani na kuyageuza kwa reki kama kahawa. Ndiye aliyemposa Fauziya kabla yangu. Mshamba.

Jumatano, 7 Mei.

Akili ni mali. Kiwanda kinanunua kwa uzito. Leo nimeyanywesha maganda madumu ishirini ya maji. Juu yatakauka, ndani yatabaki mazito. Quinter atapima juu. Wapimaji wote hupima juu.

Ili Faruk asichungulie, nimekodi turubai la chama cha kuzikana. Wiki hii hakuna aliyekufa, wamenipa kwa bei ya kutupa. Lina maandishi makubwa: LALA SALAMA. Yametazama barabarani. Nani asome?

Jumapili, 11 Mei.

Lundo linapumua.

Nimeliona alfajiri. Mvuke unatoka chini ya turubai, unakatika, unatoka tena. Nimeingiza mkono, nikautoa mbio. Moto! Ndani kuna mlio, tik, kimya, tik, kama mtu anayetafuna mifupa bila haraka. Kuku wa jirani waliokuwa wakilala juu yake leo wamesimama mbali, wamejipanga, wanalitazama.

Saa tatu akaja jirani yangu Mama Nasirumbi. Akaona turubai, akaona moshi. Huku kwetu hizo ndizo alama za msiba, na hakuna apitaye msiba bila kulia. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akalia. Sauti yake ikaita wengine. Kufikia adhuhuri uwanja umejaa. Mmoja kaleta kuni, mwingine jogoo.

Ningesema kweli. Lakini Faruk alikuwa kwenye ua, shingo nje. Nikisema maganda, atauliza kwa nini yanatoa mvuke. Nikajibu ni baba yangu mdogo. Wakauliza jina. Kichwa kikawa kitupu, nikataja la kwanza lililokuja: Wahabi. Somo yangu, nikaongeza.

Faruk akasema turubai liko hapo tangu Jumatano, na Mwislamu hasubirishwi siku nne juu ya ardhi. Nikamwambia marehemu anazikwa Kenya, tunangoja karatasi za mpaka. Uongo gani hapo? Karatasi nangoja kweli.

Jogoo alikuwa mtamu.

Jumanne, 13 Mei.

Karatasi zimetoka. Lakini mwandiko wangu leo umekuwa wa daktari.

Mama Nasirumbi amerudi. Akainama, akaweka sikio kwenye turubai, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniambia polepole, "Mutu yako nasikia joto, Wahabi. Fungulia yeye."

Nilicheka. Alipoondoka niliweka sikio langu. Kwanza ile tik. Halafu pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka. Halafu jina langu.

Ni mvuke. Mvuke una sauti nyingi. Lakini ulilitaja lote, hadi herufi ya mwisho.

Sikufungua. Maji yangetoka, uzito ungepotea. Kesho mpaka!

Jumatano, 14 Mei.

Nilimwambia dereva tuzunguke kwanza Masafu. Mpango safi: baba mkwe auone mzigo, Fauziya ajiandae, mimi niwe nasubiriwa nikirudi. Maganda nyuma, turubai juu, moshi kidogo.

Tulipoingia senta, madukani pa Masafu, watu wa bodaboda walivua kofia. Wakawasha taa mchana kweupe, wakajipanga mbele yetu, wakatusindikiza taratibu. Nikadhani ni heshima ya mfanyabiashara.

Kwa baba mkwe kilio kilikuwa kimeanza. Habari ilishatoka Tororo tangu jana: Wahabi amefariki, analetwa. Fauziya akaja mbio, akaangukia gurudumu. Analia kwamba nilikuwa mume mwema. Kwamba nilikuwa na kichwa kigumu lakini moyo laini. Kwamba begi lake lilikuwa tayari tangu Jumapili, angerudi hata bila mzigo kuvuka, ila alichelewa.

Mimi niko mbele kwa dereva, nimeinama. Nilisikiliza kidogo. Ilikuwa tamu, jamani. Sijawahi kusifiwa hivyo. Dakika kumi, hazikuzidi.

Halafu nikashuka.

Kilio kikakatika chote kwa pamoja. Fauziya alinitazama kuanzia miguuni, akauliza nilikuwa humo ndani tangu lini. Nikamwambia tangu Tororo.

"Niliyekuwa namlilia alikuwa mume mwema," akasema. "Wewe sikujui."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Nikalia kweli mimi. Hakuna aliyeketi kulia nami.

Busia, Quinter hata kipimo hakutoa. Turubai lilishatoboka, moshi mweusi. Alinipa pole ya msiba kwa adabu, kisha akasema, "Lakini baba, huu ni moto. Moto hauvuki mpaka."

Lori la Faruk lilitupita pale pale. Makavu. Yamepokewa.

Ijumaa, 16 Mei. Tororo.

Dereva alimwaga lundo uwanjani, akaenda bila kuaga. Limejiunguza lenyewe siku mbili. Leo limetulia. Ni majivu matupu, na katikati pamebaki shimo refu, kingo zimenyooka. Hakuna aliyelichimba.

Nimeingia kupima. Nikalala chali. Urefu ni wangu. Mabega pia. Humo ndani kuna kimya kizuri na joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Nikamwona Mama Nasirumbi amesimama juu yangu. Nilimsalimu. Aliokota udongo konzi moja, akaurusha ndani taratibu, akajifuta mikono, akaenda zake.

Sasa nimeketi ukingoni nikiandika, na ule mlio umeanza tena. Nami nimepata wazo. Majivu ni mbolea! Wakulima wa upande wa pili watayagombania, na Fauziya alisema mzigo wangu mmoja tu, hakusema wa nini. Kuna tatizo moja, majivu ni mepesi mno.

Nimeagiza madumu ishirini ya maji. Turubai bado ninalo.