Mwenyekiti Peke Yake Kwenye Kioo

Jumapili, 4 Mei

Kikao cha Chama cha Kufaana, uani kwa Mwanaheri, hapa Kiwalani. Mwenyekiti ni mie Khalfani, lakini macho ya watu yote jikoni. Nikawa nawasimulia nilivyomwongoza rubani aliyepotea, nimesimama juu ya bati nampungia shati. Tairi zinakaribia kugusa chini, pilau likatoka. Wakanihama wote! Jumapili ijayo uchaguzi, na Mwanaheri anagombea kiti changu. Mama huyu hapigi kampeni. Anapika tu.

Jumatano, 7 Mei

Dawa imepatikana. Nimemwambia katibu, Mwalimu Ansbert, siku hizi vikao ni vya simu, kila mtu kwake. Na uchaguzi vilevile. Pilau halipiti kwenye mtandao! Akauliza, wasio na bando je? Nikamjibu maendeleo hayamngoji mtu. Mke wangu Munira akaguna, eti watu hawaendi pale kwa ajili ya chakula tu. Siasa hazijui huyu.

Jumapili, 11 Mei

Juu koti na tai, chini msuli. Nani ataona? Kioo cha simu kikafunguka: nipo mie, na Mwanaheri. Basi! Nikajua wengine wameshindwa kuingia. Nusura nipige vigelegele. Mara Mwanaheri akaizungusha simu yake. Lahaula! Chama kizima kimejaa uani kwake! Eti bando ghali, wakaona watumie simu moja. Na sinia katikati.

Nikahutubia hivyohivyo. Wameiegemeza simu kwenye sufuria, nahutubia mvuke. Sauti ikaniomba, mwenyekiti punguza kidogo, watu wanakula. Ansbert akataka wanaomtaka Mwanaheri wanyooshe mikono. Ikapanda yote, mingine na mnofu. Zamu yangu ilipofika, nikanyoosha wangu kujipigia. Mtandao ukakata.

Jumatatu, 12 Mei

Kiti hakiniumi. Uongo, kinaniuma. Ila kuna kingine. Jana hakuna aliyenipa shikamoo. Hakuna aliyenisogezea mkeka. Mama yangu alipofariki, watu hawahawa walilala kwangu, wakambeba mpaka makaburini. Mie nikawaambia kila mtu abaki kwake. Nilifikiria nini? Munira hajasema alinionya. Kaniwekea chai tu. Bora angesema!

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda mwenyewe. Mwanaheri akanipokea mlangoni, karibu kaka, ulitupotea wapi, akanikalisha mkeka wa mbele. Vijana shikamoo, shikamoo, nikaitikia marahaba mpaka koo likakauka. Nikala, nikaongezewa. Nikataka kuwaomba radhi. Nilishafungua mdomo kabisa. Ukatoka na habari kwamba nilialikwa Arusha kuwafundisha wakubwa mambo ya mitandao.

Wakacheka mpaka wakapaliwa. Ansbert akasema basi, kwa utaalamu huo, Mjomba Khalfani awe mshika simu, ili wagonjwa waliolala majumbani wafuate kikao na wapige kura zao. Wakapiga makofi. Kutoka mwenyekiti mpaka mshika simu! Nikainama kwa aibu.

Nimefika nyumbani ndiyo akili imenijia. Mshika simu ndiye anayeamua nani aonekane! Uchaguzi ujao Mwanaheri hataonekana hata ncha ya kanga. Wagonjwa wataniona mie tu, upande huu, upande ule, na rubani wangu nitamtua kwa raha zangu. Kura zao zote kwangu. Tatizo wagonjwa wenyewe wawili tu, na mmoja kaanza kupata nafuu. Mungu anisamehe, sijamwombea.