Zawadi ya Maganda Sabini na Nane

Jumatatu, 8 Aprili
Mayai mawili na kahawa mkahawani kwa Marlys, chini ya karatasi ya shabaha ya jirani yangu Verl Stuckey. Mwaka wa tisa sasa! Ndiyo desturi ya klabu yetu ya kulenga shabaha: mshindi wa shindano la Aprili hutundikiwa karatasi yake juu ya birika la kahawa mwaka mzima. Matundu matano, yote yanafunikwa na kifungo kimoja cha koti. Yai halimezeki. Jumamosi hii nitaiteremsha kwa mkono wangu.

Nimenunua saa ya kupimia. Unaviringisha ganda tupu la risasi, lile tunalolijaza baruti upya, sindano inakuonyesha kama shingo yake imenyooka. Ilicheza ngoma! Shingo imepinda, risasi inakaa upande, inatoka upande. Miaka tisa, kumbe si mimi. Nikamwambia mke wangu, LaDonna. Akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kwamba mimi hufumba macho kabla ya kufyatua. Nimemsamehe.

Jumanne, 9 Aprili
Kalibu ya kurudishia maganda umbo nimeikaza. Nimeilegeza. Nimeizungusha nusu. Nimeitukana. Wapi! Kati ya maganda mia, yaliyonyooka ishirini na mawili tu. Akili ikanijia nikiwa bafuni. Yaliyonyooka, yangu. Yaliyopinda, zawadi kwa Verl!

Jumatano, 10 Aprili
Nimempelekea kwenye bati la keki la LaDonna. Nikasema napunguza vitu ghalani. Alishukuru mpaka nikaona haya. Akanipa chupa ya jeli ya cheri mwitu. Haya ilinishika hadi posta, kisha ikaniacha. Jeli tamu.

Alhamisi, 11 Aprili
Verl amepiga simu.

“Orrin, ndugu yangu, maganda yako yamepinda shingo,” akasema. “Kile kitufe cha kupanulia shingo, kilicho ndani ya kalibu, kinapita kikavu, kinaivuta kando. Paka nta kidogo ndani ya shingo kwanza. Nije nikuonyeshe?”

Nikasema nina mafua. Mtego mtupu! Nani humpa mshindani siri siku mbili kabla ya shindano? Ikiwa Verl anataka nta, basi dawa ni kuondoa nta. Nikaosha kila kitu kwa maji moto na sabuni, nikayapitisha upya kwenye kalibu hata yale ishirini na mawili mazuri.

La mwisho likakwama ndani ya kalibu. Nikavuta kwa miguu miwili ukutani. Rafu ikaja. Chupa kumi na moja za matango ya LaDonna zikaja nayo. Akasimama mlangoni akaniambia, “Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ufagio uko pale.”

Nimepima yaliyobaki. Yote yamepinda. Verl ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 13 Aprili
Upepo, theluji kidogo. Nimepiga risasi tano. Nne zimeonekana kwenye karatasi, pembe nne tofauti. Ya tano wanaitafuta.

Verl amepiga kwa maganda yangu, aliyoyapaka nta na kuyanyoosha. Kifungo cha koti? Cha shati kinatosha! Roho imeniuma, sikatai. Kisha pale kwa Marlys akasimama mbele ya watu wote, akasema bila jirani yake asingefika popote, akachukua kalamu. Chini ya matundu ameandika: Maganda, zawadi ya Orrin Tveit.

Watu wakapiga makofi. Nikainama. Jina langu litakaa juu ya kahawa mwaka mzima, chini ya lake.

Jumapili, 14 Aprili
LaDonna alinipiga picha jana, tano, moja kwa kila risasi. Katika zote nimefumba macho. Nimemweleza kwamba simu yake inachelewa.

Nimewaza tangu kanisani mpaka chakula cha mchana, nimepata jibu. Kalibu haina kosa. Nta haina kosa. Ni ile saa, inadanganya. Nimeagiza ya pili, ya kuipima ya kwanza.