Mama Amekataa Kutimiza Miaka Themanini

Kijiji kipya, juu ya soko la Ishiara
Julai 1955

Kwa Bwana D.C., Embu

Bwana Mkubwa,

Kwa heshima, kofia ikiwa mkononi, mimi Riungu mwana wa Njura, mwalimu wa darasa la pili hapa misheni, nakuletea malalamiko kuhusu sherehe ya mama yangu, Celina Wambeti. Padre alimhesabia miaka akaona anatimiza themanini Jumamosi iliyopita. Tukaomba ruhusa ya kumfanyia karamu, nawe ukaitoa, na kwa hilo tunashukuru. Malalamiko yanaanza baada ya shukrani.

1. Ruhusa ilisema watu wasizidi watano, kwa sababu ya Hali ya Hatari. Mama amezaa kupita hapo. Tulichaguana kwa uchungu, na dada yangu Makandi aliyeachwa nje haitikii salamu zangu hadi leo. Siku yenyewe, Koplo Mithika, mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa Serikali hapa kijijini, akamhesabu mama pia. Nikamweleza kwamba huyu ndiye anayefanyiwa sherehe. Akajibu, "Kwani yeye si mtu?" Ikabidi mjomba wetu atoke, mzee aliyetembea tangu alfajiri, akampongeza dada yake kupitia kwenye ua.

2. Ili kutulinda sisi watano, Koplo alileta homgadi wengi kutuzidi. Hao hawahesabiwi, maana wako kazini. Lakini, Bwana D.C., walikula. Kwanza Koplo alimtazama mbuzi wetu kwa mashaka, akauliza kama ni wa kulisha watu kiapo cha waasi wa msituni.

"Huyu ana kupe tu," mama akamwambia. "Kiapo sijakiona."

Koplo akasema nyama lazima ichunguzwe. Uchunguzi ulimaliza miguu yote minne na mbavu. Mama alipata supu.

3. Filimbi ya kafyu ilipulizwa saa kumi, jua likiwa bado juu.

4. Hili ndilo kubwa. Ndugu yangu Muturi, kitinda mimba wa mama, yuko kizuizini mwaka wa pili sasa, kwa kusemekana kwamba aliwapa watu wa msituni viazi. Mama aliposimama kutubariki alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Muturi yuko wapi?"

"Yuko kambini, mama," nikasema. "Kwa Serikali."

"Bado tu? Amekaa sana kwa watu. Mwambieni huyo Serikali, mgeni akishakula huachwa arudi kwao."

Akaketi bila kutubariki. Alisema hawezi kufikisha themanini mtoto wake mmoja akiwa hajulikani amelala wapi, na kwamba yeye ana sabini na tisa, na hapo ndipo atakapokaa mpaka Muturi arudi. Padre amemsihi, amekataa. Koplo naye anasema kudanganya umri mbele ya askari ni kosa, na anaweza kumtia ndani. Fikiria, Bwana. Ndugu ndani, mama ndani, na mimi nibaki nyumbani na Makandi.

Kwa hiyo, ili Serikali isionekane imeshindwa na bibi kizee mmoja, naomba Muturi aletwe kwa siku moja. Aje na pingu zake na askari wake, nao watachunguza mbuzi mwingine. Hatahesabiwa katika wale watano, kwa kuwa kwa sasa ni mali ya Serikali. Kama haiwezekani, uje wewe mwenyewe umwamuru mama awe na themanini, maana yeye hatusikilizi sisi. Na kama hata hilo ni zito, naomba Serikali iuzuie mwaka huu usiishe, kama inavyowazuia watu, hadi hesabu ya mama na ya Padre zipatane.

Tafadhali usiseme aletwe Embu. Mama ni mnyonge kabisa. Magoti yamekwisha, macho hayauoni mlango, na kutoka kitandani hadi mekoni tunambeba. Ni raia mwoga na mtulivu, hajawahi kukanyaga nje ya lango la kijiji bila ruhusa.

Hapa naiweka kalamu chini kwa adabu. Nisalimie karani wako, mkalimani, memsaabu, na mbwa wa memsaabu pia, ingawa alimng'ata shemeji yangu.

Wako anayengoja jibu kwa hofu,
Riungu Njura

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kubandika stempu, Koplo Mithika akaja anahema. Mama ameshika barabara ya Embu tangu asubuhi, kwa miguu, amejitwika kikapu cha chakula cha Muturi. Koplo alipomdai pasi ya kutoka alimwambia, "Fungua lango. Wewe nilikukata kitovu." Akafungua. Tumemfuata kwa baiskeli, hatukumpata. Akifika kabla ya barua hii, yale niliyoandika juu ya magoti na macho uyaache. Mpe kiti. Akikataa kuketi, ipigie kambi simu upesi, kwa maana mama akishaanza kusimama huwa hachoki.