Darasa la Kwanza na Sauna ya Alhamisi

Hivi umeshawahi kuwaona wazee wenye akili zao wakitaka kuwafungia mlango watoto wa darasa la kwanza kwa sababu ya mvuke? Kama hujawaona, ungepita jana asubuhi pale kahawani kwenye kituo cha mafuta, njia panda ya Haapasuo. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na bomba la joto, nafuma kisigino cha soksi. Kisigino hakitaki haraka, basi nikasikia yote.

Meza ni ileile ya dirishani. Kalervo tunamwita Gazeti, maana hufika wa kwanza ili alikamate gazeti, na akilikamata halitoki mkononi mpaka limepoa. Taisto ni Kiberiti. Huyo aliendesha malori ya magogo maisha yake yote, na huwaka kabla hujamgusa. Wa tatu ni Oiva, yaani Jiwe. Tangu mkewe Impi afariki, maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko cha sukari.

Gazeti akakohoa, akasoma. "Shule yetu inabomolewa kuta. Kuvu imefika mpaka kwenye mbao za dari. Baada ya Pasaka, darasa la kwanza na la pili watahamia ukumbi wa kijiji kwa muda, ukumbi ukikubali."

"Kwa muda," Kiberiti akasema. "Mimi nilisoma kwenye kibanda cha muda. Mwanangu akasoma humohumo. Mjukuu wangu kamaliza mwaka juzi, na jina langu bado liko kwenye dawati."

"Ndiyo maana. Na elimu yenyewe ulipewa ya muda."

"Afadhali mimi nilitoka. Hiyo kuvu imekaa shuleni miaka mingi kuliko mwalimu mkuu."

"Basi ingepewa cheti, ikastaafu kwa heshima."

Nikauliza, "Na ukumbi ukikataa?"

"Basi la mjini, bibi. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi."

Nikaweka sindano chini. "Mjukuu wangu Neea anatapika hata kwenye bembea."

"Hakuna anayemchukia Neea," Kiberiti akasema kwa upole wa mtu anayejiandaa kumchukia. "Ukumbi wachukue. Jukwaa wachukue, na lile piano lisilo na meno. Gazeti, endelea hapo chini."

Gazeti akasogeza miwani. "Sauna ya ukumbi na chumba cha kuvulia nguo vitakuwa stoo ya skii na mabuti."

Hata mashine ya kahawa ikaacha kukoroma. Alhamisi jioni ni zamu ya wanaume katika sauna ile, chumba cha jiko na mvuke wa kutoa jasho, tangu baba zao.

"Skii," Kiberiti akasema. "Mahali baba yangu alipotolea jasho lake, leo waweke mbao za kutelezea theluji. Kafugeni na kuku kanisani basi."

Jiwe akafungua mdomo. Kiberiti hakumwona. "Jiko lile linakula kuni kama farasi mwenye deni la njaa. Hakuna jiko kama lile tarafa nzima." Jiwe akafunga mdomo, akageuza kikombe chake nusu duara.

Mlango ukafunguka, akaingia Raili akikung'uta theluji miguuni. Raili ndiye mwenyekiti wa ukumbi na mshika ufunguo. Akajimiminia kahawa, akachagua andazi la iliki lenye sukari nyingi juu, ndipo akakaa.

"Wanataka jibu langu kabla ya adhuhuri," akasema. "Semeni. Ila mmoja mmoja, msinililie kama bata."

"Wapelekwe kanisani," Kiberiti akasema. "Mchungaji ana viti vingi kuliko watu."

"Ameshakataa. Anasema watoto watavunja utulivu wa ibada."

"Utulivu ule ni usingizi, mama. Wakiuvunja atapata thawabu."

Gazeti akainua kidole. "Mimi nina njia ya kati. Wasomee ndani ya sauna yenyewe. Zile ngazi za mbao za kukalia tayari ni darasa. Warefu juu, wafupi chini, mwalimu asimame pembeni ya jiko. Mtoto akipiga kelele, mwalimu anamwaga kata moja ya maji juu ya mawe ya moto."

"Wataiva kabla ya kufika darasa la pili," Raili akasema.

"Ila hakuna atakayekamatwa na mafua."

"Na Alhamisi nyie mtaingia huku wao wanafanya hesabu?"

"Tutakaa nyuma. Kiberiti hesabu zake nazo zinahitaji msaada."

Jiwe akakohoa. Safari hii hata mimi nilidhani atasema. Kiberiti akamkatiza na mkono wenye andazi. "Wewe Gazeti huna uchungu na sauna. Unakaa ngazi ya chini kabisa kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi."

"Nakaa chini kwa sababu yako. Ustaarabu ni kuuliza kwanza, nimwage? Watu wakikubali, unamwaga maji kwenye mawe, taratibu. Wewe unamwaga kama zimamoto. Alhamisi iliyopita nimetoka masikio yanabanduka."

"Joto ni joto, halipigiwi kura."

"Mbona Jiwe anauliza? Kila kata ya maji, anauliza."

"Jiwe anauliza kwa sababu ndilo neno lake la wiki. Akilimaliza, analala."

Tukacheka. Jiwe naye akatabasamu kidogo, akaitazama kofia yake juu ya goti.

Raili akafuta sukari vidoleni. "Hebu nielewesheni mimi. Kijiji hiki, nyumba gani haina sauna?"

Akawapitia kwa macho mmoja mmoja.

"Kiberiti. Unayo nyuma ya nyumba, naiona nikipita."

"Ile imejaa matairi ya kiangazi, yanangoja theluji iishe."

"Gazeti?"

"Mke wangu ameotesha miche. Ngazi ya juu nyanya, ya chini matango. Mimi mwenyewe nikiingia nabisha hodi."

"Kwa hiyo," Raili akasema, "mtoto wa watu atapike njiani kila asubuhi ili matairi na nyanya zisisumbuliwe."

"Ukiliweka hivyo tunaonekana watu wabaya," Gazeti akasema.

"Nimelilainisha."

Akatoa simu, akapiga palepale mbele yetu. Akasema neno moja tu, "Waje." Akairudisha mfukoni, akamalizia andazi. Moyoni nikamshukuru, nikaokota sindano zangu. Nikaona nimeruka vishono viwili.

Wanaume wakaanza kukusanya kofia na glovu, polepole, kama watu waliotoka kuzika.

"Haya, imekwisha," Kiberiti akasema, akihangaika na zipu ya koti. "Alhamisi kila mtu akajichemshe peke yake."

"Mimi na matango," Gazeti akasema.

Wakafika mlangoni. Raili akageuka. "Oiva, husimami?"

Jiwe alikuwa bado amekaa. Kikombe chake kilishazunguka duara zima na kurudi kilipoanzia. Akakisukuma kando.

"Kwangu jiko la sauna ni zima," akasema.

Tukasimama tulivyo. Kiberiti zipu ikamkwama shingoni.

"Kuni nilipasua tangu vuli, za mti wa mbetula, zimekauka. Ngazi wanakaa watu wanne, na wa tano kama ni mwembamba. Naiwasha kila Alhamisi kabla sijaja ukumbini, halafu naiacha inapoa." Akaigeuza kofia, akaichungulia ndani kana kwamba maneno mengine yameandikwa humo. "Watoto wachukue tu ukumbi. Mimi ile sauna yenu sikuwa na shida nayo. Ila pale kwangu, tangu Impi aondoke, nikishika kata ya maji hakuna wa kumwuliza kama nimwage."